Uzi: Kusoma mwili kwa macho (viganja, kope, kucha, miguu) katika mazingira yetu ya Nyanda za Juu Kusini

#1 Tabibu_Ilula

Kamwene wakuu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenzetu wa zahanati, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mzazi yeyote anayetaka kujua aangalie wapi. Maelezo mengi ya dalili yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe: "uso umepauka", "ngozi imekuwa ya njano", "upele mwekundu". Kwa ngozi yetu uso unachelewa sana kusema. Inabidi uende pale ambapo rangi ya ngozi ni kidogo: kiganja, upande wa ndani wa kope la chini, ulimi, kaakaa, nyama iliyo chini ya kucha, weupe wa jicho, unyayo.

Shida ni kwamba huku kwetu sehemu hizo hizo ndizo zinazofichwa. Udongo mwekundu unaingia kwenye mistari ya kiganja. Wachumaji wa chai Mufindi na Rungwe wanapata weusi wa utomvu kwenye vidole na kucha. Moshi wa kuni unawekundisha macho ya akina mama na watoto wanaoshinda jikoni. Baridi ya Juni na Julai inafifisha mikono, na mtoto anakuja amevaa sweta mbili na kufungwa kitenge mgongoni. Kwa hiyo kabla ya kuangalia chochote, mnawishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mtoe nje au msogeze dirishani, na mvue nguo sehemu unayoichunguza. Balbu ya njano inaficha manjano, na tochi ya simu inafanya kila kiganja kionekane cheupe.

Tuanze na upungufu wa damu, ndipo tunapokosea zaidi. Shika mkono wa mtoto kwa ubavuni, uache kiganja kikae wazi chenyewe. Usivute vidole kurudi nyuma. Ukivinyoosha kwa nguvu unabana damu, na kiganja cha mtoto mzima wa afya kitaonekana cheupe. Linganisha na kiganja chako, halafu na cha mama yake. Wekundu uliofifia maana yake apimwe wingi wa damu na malaria. Kiganja cheupe kabisa, ambacho huoni tofauti kati ya nyama na mistari, ni rufaa ya haraka siku hiyo hiyo.

Kwenye kope, vuta la chini taratibu huku mgonjwa akitazama juu. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha, ukingo wa mbele (ule ulio karibu na nywele za kope) ni mwekundu zaidi kuliko sehemu ya nyuma inayogusa jicho. Angalia tofauti hiyo. Ikipotea, ukingo na nyuma vikawa rangi moja iliyopauka, amini unachokiona.

Ila usiruhusu kiganja chekundu kikufunge macho. Upungufu mdogo hauonekani kabisa. Macho yanakamata ule mkubwa, mdogo unakamatwa na kipimo.

#2 Nesi_Makete

Asante mkuu. Naongeza la baridi maana huku linasumbua kweli. Mkono uliotoka nje saa moja asubuhi mwezi wa saba unakuwa mweupe na hata wa bluu kwenye kucha, damu ikiwa haina tatizo. Tumbukiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, futa, ndipo uangalie. Ukibonyeza ili kuona damu inarudi baada ya muda gani, usifanye kwenye kidole cha baridi. Fanya katikati ya kifua: bonyeza, achia, hesabu. Ikizidi sekunde 3, mzunguko wa damu una shida.

Moshi nao unadanganya kinyume chake. Kope linakuwa jekundu kwa mwasho wakati damu imekwisha. Ukiona macho mekundu, kope usilihesabu, nenda kwenye ulimi na kiganja. Kanuni tunayotumia: sehemu mbili zikubaliane kabla ya kusema "damu ipo", lakini sehemu moja tu ikiwa nyeupe inatosha kumpeleka maabara.

#3 Maabara_Mbeya

Hapo kwenye maabara kuna jambo la ukanda wetu ambalo halizungumzwi. Anayeishi juu anatengeneza damu nyingi zaidi kwa sababu hewa ya oksijeni ni nyepesi. Kwa hiyo namba ya Kyela, karibu mita 500, si sawa na namba ileile Mbeya mjini, mita 1,700 hivi. Mwongozo wa WHO wa 2024 unaelekeza kupunguza gramu 1.1 kwa desilita kwa anayeishi mita 1,500 hadi 1,999, na gramu 1.4 kwa mita 2,000 hadi 2,499.

Mfano: mjamzito wa miezi mitano anayeishi mita 2,100 kapimwa, ikasoma 11.8. Kwenye karatasi anaonekana mzima. Toa 1.4, unapata 10.4, na kiwango cha miezi mitatu ya kati ya ujauzito ni 10.5 (miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho ni 11). Huyo ana upungufu wa damu. Kama kiganja kilikuwa kimefifia na maabara ikaandika "kawaida", mwulizeni mpimaji kama alizingatia mwinuko.

Na mpimaji asikamue kidole. Tone la kwanza lifutwe, linalofuata litoke lenyewe. Ukikamua, maji ya nyama yanachanganyika na damu na namba inashuka kwa uongo.

#4 Mhudumu_Busokelo

Ndaga sana. Swali langu ni la manjano. Wazee wengi huku weupe wa macho yao ni wa kahawia au njano njano, hawaumwi. Nitatofautishaje na ugonjwa wa ini?

#5 Tabibu_Ilula

Swali zuri ndugu. Kile cha wazee ni rangi ya kawaida na mafuta yaliyo chini ya utando wa jicho, yamechangiwa na jua, upepo na moshi. Kinakaa kwenye pembe za jicho, sehemu inayoachwa wazi kope zikiwa zimefumbuka, na kina mabaka. Manjano ya kweli hayana mabaka. Mwambie mgonjwa atazame miguu yake, wewe nyanyua kope la juu. Sehemu hiyo haipigwi na jua wala moshi. Ikiwa nyeupe, tulia. Ikiwa ya njano sawasawa, ni manjano. Kisha mwambie anyanyue ulimi, utazame chini yake na kwenye kaakaa.

Kuna pia viganja na nyayo za njano kwa anayekula sana karoti, maboga na mawese. Weupe wa macho yake unabaki mweupe, na hiyo si ugonjwa.

Ukithibitisha manjano, uliza mkojo na choo papo hapo, maana ndiyo yanayokuonyesha njia. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi na choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi: nyongo imeziba njia, kwa jiwe au kwa uvimbe. Mtu mzima mwenye manjano yanayozidi wiki hadi wiki bila maumivu, anakonda na anajikuna, asipewe dawa za minyoo na kurudishwa nyumbani. Anahitaji picha ya tumbo. Manjano pamoja na viganja vyeupe: damu inavunjika. Fikiria malaria kali, na kwa mtoto fikiria selimundu, hasa kama alipokuwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 2 aliwahi kuvimba mikono na miguu kwa maumivu. Manjano na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia ni dharura ya saa chache, njia ya nyongo imeingia usaha.

Manjano na kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku: ini linashindwa. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vipanuke, viganja vitazame mbele kama anayesimamisha gari. Viganja vikipigapiga kama mabawa, asilale zahanati hata usiku mmoja. Na jambo moja muhimu: manjano hayaonekani mpaka bilirubini (ile rangi ya njano iliyo kwenye damu) ifike karibu miligramu 2.5 hadi 3 kwa desilita, kawaida ikiwa chini ya 1.2. Kwa hiyo jicho jeupe halisemi kwamba ini ni zima.

#6 Mkunga_Tukuyu

Kwa watoto wachanga sheria ni tofauti, naomba ikae peke yake. Bonyeza ngozi ya paji la uso au ncha ya pua kwa kidole, achia, utazame rangi kabla damu haijarudi. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari siku zote. Manjano yaliyofika viganjani na kwenye nyayo ni hatari siku yoyote. Ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu na kuisha kabla ya wiki mbili, wiki tatu kwa njiti. Yakipita hapo, mwombe mama akuonyeshe nepi. Choo cheupe kwa mtoto wa wiki mbili kinaweza kuwa ni kuziba kwa njia za nyongo, na upasuaji wake unafaa zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Kila "tusubiri" inakula siku hizo.

Kumwanika juani si tiba. Huku kwetu unamvua mtoto kwenye upepo wa Tukuyu, anapoa, ananyonya kidogo, na manjano yanapanda. Taa ya bluu ya hospitali ndiyo tiba.

Nikiwa hapo hapo: mjamzito kuvimba miguu jioni ni kawaida. Pete kubana ghafla, uso kuvimba asubuhi, kichwa kuuma, kuona vimulimuli, maumivu chini ya kifua: mpime shinikizo la damu akiwa ameketi, mkono ukiwa usawa wa moyo. 140/90 na zaidi baada ya wiki 20, pima na protini kwenye mkojo. 160/110, au dalili hizo za kichwa na macho, apewe dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kabla gari halijaondoka. Njia ya kwetu ni ndefu na ya milima, degedege la kifafa cha mimba likimkuta barabarani hakuna wa kumsaidia.

#7 Lishe_Njombe

Kwa watoto uvimbe wa miguu una utaratibu wake. Bonyeza kwa dole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa wakati mmoja, sekunde 3 kamili, achia. Shimo libaki miguu yote miwili. Mguu mmoja tu hauhesabiki kuwa kwashakoo. Miguu pekee ni alama moja, miguu hadi magoti au mikono ni mbili, uso na mwili wote ni tatu. Shimo hilo likibaki, ni utapiamlo mkali hata kama utepe wa mkono unasoma kijani. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: mtoto amevimba, mama anasema "amenenepa", mhudumu anapima mkono tu.

Utepe wenyewe ni wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Kwanza kunja kiwiko upate katikati, weka alama, kisha mkono uning'inie ndipo uzungushe. Utepe uguse ngozi bila kubana. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, 115 hadi chini ya 125 ni njano. Ukipima juu ya sweta umejidanganya.

Kosa linaloua: kumpa mtoto wa kwashakoo dawa ya kukojosha ili uvimbe upungue. Maji yale hayako kwenye mishipa, yamevujia kwenye nyama. Dawa inakausha mishipa na kuondoa potasiamu aliyokwisha kuipungukiwa. Uvimbe wa kwashakoo unaondolewa na chakula dawa, kidogo kidogo, akiwa amefunikwa asipate baridi, na sukari ya damu ikiangaliwa.

Na udumavu hauonekani kwa macho. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mashavu, mchangamfu, anaonekana wa miaka miwili na kila mtu anasema ni mrithi wa babu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, na Njombe nusu, mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi. Bila ubao wa kupimia urefu na tarehe sahihi ya kuzaliwa hutajua.

#8 Tabibu_Ilula

Shukrani dada. Kwa watu wazima mimi huuliza uvimbe ulianzia wapi na saa ngapi. Umeanzia usoni asubuhi na mkojo una povu: figo. Mtoto wa shule aliyekuwa na vidonda vya ngozi au koo wiki mbili tatu zilizopita, sasa kavimba uso na mkojo ni wa rangi ya soda nyeusi, pima shinikizo lake leo. Umeanzia miguuni jioni na halali bila mito miwili mitatu: moyo. Mlaze kitanda kikiwa kimeinuliwa nyuzi 45, kichwa kigeuke kidogo, tazama mshipa wa shingo. Ukijaa na kucheza zaidi ya sentimita 3 juu ya kile kinundu cha mfupa wa kifua, moyo umeelemewa. Kwa kijana fikiria baridi yabisi iliyoharibu vali za moyo.

Umeanza tumboni, miguu ikafuata: ini, au kifua kikuu cha tumbo, au kichocho cha muda mrefu kwa watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Mguu mmoja umevimba ghafla na una joto: pima mzunguko wa shavu la mguu sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya miguu miwili, fikiria damu iliyoganda. Usiuchue mguu huo wala kuukanda.

Mguu mgumu kama ubao, haubonyei, una vinundu vyeusi au vya zambarau visivyouma wala kuwasha: fungua kinywa chake utazame kaakaa. Kovu halikai kwenye kaakaa. Vinundu vya namna hiyo vikiwepo mdomoni, ni saratani ya Kaposi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hatua inayofuata ni kipimo cha VVU na kipande cha nyama kwenda maabara.

#9 Nesi_Makete

Hapo kwenye kinywa naomba tusisitize. Utafiti wa taifa wa VVU wa 2022 na 2023 uliweka Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ilikuwa 4.4. Kwa takwimu hizo, mtu mzima mwenye utando mweupe mdomoni unaofutika kwa kitambaa ukiacha wekundu, asiyetumia dawa za pumu za kuvuta wala antibayotiki, ashauriwe kupima siku hiyo. Mistari myeupe pembeni mwa ulimi isiyofutika, vivyo hivyo. Mkanda wa jeshi kwa kijana, hata ukiwa umepona na kubaki kovu la upande mmoja wa mwili, vivyo hivyo. Vipele vya kuwasha vya muda mrefu mikononi na miguuni vinavyoacha madoa meusi, vinavyoitwa "aleji" kila mwaka, pia.

Zungumza naye faraghani. Huku vijijini watu wanajuana, na dalili inayosomeka usoni isigeuke tangazo.

#10 Fundi_Kifua

Kucha na pumzi nitazipitia mimi.

Vidole vyenye ncha nene kama kirungu: mwambie akutanishe kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo, uangalie mwangaza kati yake. Mtu mzima wa afya anabakiza tundu dogo la umbo la almasi pale kwenye mizizi ya kucha. Tundu likipotea, ncha zimevimba kweli. Daktari Leo Schamroth wa Afrika Kusini alikieleza kipimo hiki mwaka 1976 baada ya kukiona kwenye vidole vyake mwenyewe. Fikiria usaha kwenye mapafu, mirija ya mapafu iliyoharibika baada ya kifua kikuu cha zamani, saratani ya mapafu, moyo wa kuzaliwa nao wenye shida, au maambukizi ndani ya moyo. Mtu mwenye kikohozi cha sigara peke yake hapaswi kuwa na ncha hizo. Akiwa nazo, tafuta saratani.

Kucha zilizopinda kama kijiko, ukidondosha tone la maji linakaa: madini chuma yamepungua. Kwa wachumaji wa chai na wafua nguo kwa mkono, maji na utomvu hufanya kitu kinachofanana, kwa hiyo angalia kucha za miguu na ulimi pia.

Mtoto wa kikohozi: mpandishe nguo hadi kwenye mabega, awe ametulia, ikiwezekana ananyonya au amelala, hesabu pumzi dakika nzima. Si sekunde 15 mara nne, maana watoto hupumua kwa vipindi. 60 na zaidi kwa chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka 1 hadi 5. Kubonyea kwa kifua ni sehemu ya chini ya mbavu kuingia ndani anapovuta hewa, kila pumzi, akiwa ametulia. Nyama za katikati ya mbavu tu zikicheza hiyo ni nyingine.

Rangi ya bluu itafutwe kwenye ulimi. Midomo na kucha za bluu huku ulimi ni wa waridi mara nyingi ni baridi. Na huu ndio mtego: ili bluu ionekane panahitajika karibu gramu 5 kwa desilita za damu isiyo na oksijeni. Mtoto mwenye damu gramu 6 anaweza kufa kwa kukosa oksijeni bila kuwa wa bluu hata mara moja. Tumia kipima oksijeni cha kidole, ondoa rangi ya kucha na hina, pasha mkono joto, na ukumbuke kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa hupandisha kidogo. Chini ya asilimia 90 apewe oksijeni.

Msimu wa baridi kuna jambo jingine. Familia nzima inaamka na kichwa kuuma na kutapika, wakitoka nje wanapata nafuu: wamelala na jiko la mkaa ndani. Usisubiri ngozi iwe nyekundu kama wanavyoandika, kwa ngozi yetu huioni, na kwa wengine huja wameshakufa. Kipima oksijeni hapo kitasoma 98 kwa uongo kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba moshi wa mkaa na ile iliyobeba oksijeni. Toa watu nje, wape oksijeni ya kutosha, na mjamzito apewe kipaumbele.

#11 Mifugo_Mbozi

Mimi ni wa upande wa mifugo, naongeza moja inayotuunganisha. Mtu mzima aliyeanza kifafa ukubwani, anatoka eneo la nguruwe wanaozurura (Mbozi na jirani zake panajulikana kwa hili): pitisha vidole kwenye mikono, kifua na mapaja. Vinundu vigumu, ukubwa wa punje ya mchele hadi harage, vinavyosogea chini ya ngozi bila maumivu, ni mayai ya tegu wa nguruwe yaliyogeuka vifuko. Kama viko kwenye nyama, vinaweza kuwa kichwani.

Watu wengi wanadhani anayekula nyama yenye vifuko ndiye anayepata kifafa. Anayekula nyama hiyo isiyoiva anapata tegu tumboni. Mayai yanayotoka na kinyesi chake ndiyo yanayoingia ubongoni kwa yeyote anayeyameza kwa mboga, maji au mikono, hata asiyegusa kitimoto maishani. Kwa nguruwe dalili inatafutwa chini ya ulimi: vuta ulimi kwa kitambaa, pitisha kidole, utahisi punje. Ulimi safi hautoi uhakika, nguruwe wenye vifuko vichache hupita bila kugundulika.

#12 Tabibu_Ilula

Muhimu sana hiyo mkuu. Naongeza tahadhari: mtu huyo asipewe dawa za minyoo za praziquantel au albendazoli dukani. Vifuko vikifa kwa mkupuo ubongo unavimba na kifafa kinazidi. Aende kwanza kwenye kipimo cha picha ya kichwa.

#13 Mhudumu_Busokelo

Kwetu mitoni kuna vinundu vingine juu ya nyonga, na ngozi ya ugoko yenye madoa kama chui. Vinahusiana?

#14 Mkunga_Tukuyu

Hiyo ni usubi (upofu wa mtoni), ndugu yangu, eneo la Tukuyu ni la usubi tangu zamani. Vinundu vyake hukaa juu ya mifupa (nyonga, mbavu, kichwani kwa watoto), ni vikubwa zaidi, na mgonjwa huwashwa sana. Hakikisha amemeza dawa za ivermectin za kila mwaka, na umpime macho.

Usichanganye madoa hayo na ukoma. Baka la ukoma lina rangi iliyofifia na halihisi. Mfumbe macho, mguse kwa uzi wa pamba katikati ya baka na pembeni, aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akikosa ndani ya baka, papasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko. Ukiwa mnene kama kamba, hiyo si fangasi, usimpe mafuta.

#15 Mkulima_wa_Nyanya

Wataalamu, kwa sisi tunaopuliza dawa, tuangalie nini?

#16 Tabibu_Ilula

Macho, kaka. Mboni ndogo kama ncha ya sindano, pamoja na mate, machozi, jasho, kukohoa makohozi mengi, kuharisha na misuli kucheza chini ya ngozi: ni sumu ya jamii ya organofosfeti. Anayemsaidia avae glovu, amvue nguo zote, amwoshe kwa sabuni na maji mengi hadi kwenye nywele na kucha. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa. Chupa ya dawa ije naye ikiwa na lebo, hata ikiwa tupu.

Kwa wenzangu: atropini inarudiwa kwa kuongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka kifua kikauke na mapigo yafike 80. Msifukuzie mboni kupanuka, inachelewa, na mkiifuata mtamzidishia dawa.

Na kwa wazazi, jicho hilo hilo: mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye kwenye picha za simu zenye mwanga mboni moja inatoka nyeupe badala ya nyekundu, au jicho limeanza kuangalia pembeni, apelekwe hospitali yenye daktari wa macho wiki hiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikikamatwa mapema mtoto anapona.

#17 Dada_Mafinga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mteja anatumia mkorogo, weupe wake ni wa bandia. Hapo nasoma nini? Na shingo imekuwa nyeusi kama haiogwi.

#18 Nesi_Makete

Uso wake usiusome kabisa, dada. Kiganja, ulimi, kaakaa na weupe wa jicho havibadilishwi na mkorogo, vitumie kama kawaida. Vifundo vya vidole vikibaki vyeusi na mikono kuwa myeupe, tayari umejua anachopaka. Angalia kama uso umekuwa wa duara, ngozi imekuwa nyembamba, na kuna michirizi ya zambarau tumboni au kwapani. Hapo dawa za jamii ya steroidi zimeingia mwilini, asiache ghafla bila daktari, maana tezi zake zimelala na anaweza kuanguka.

Shingo nyeusi iliyokunjamana na laini kama mahameli, haitoki kwa sabuni wala dodoki, siyo uchafu na asiambiwe hivyo. Angalia na kwapa. Mara nyingi ni mwili unaoshindwa kuitumia insulini vizuri. Apimwe sukari asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi irudiwe siku nyingine kuthibitisha, na apimwe kiuno, uzito na shinikizo hapo hapo.